Winga aliyekatwa mguu hupotelea wodini

Novemba 2022, katika mechi ya ligi ya Poland ya soka la magongo, mpira wa waliokatwa viungo, kati ya Warta Poznań na Stal Rzeszów, krosi ilikuja ya juu na Marcin Oleksy hakuwa na nafasi ya kuituliza. Alikita magongo yote mawili kwenye nyasi, akajiinua kwa mikono, kiwiliwili kikalala hewani, mguu wake mmoja ukapanda na kuukuta mpira kabla haujashuka. Tikitaka safi. Februari 2023 jijini Paris, goli hilo lilimpa tuzo ya Puskás ya FIFA, mbele ya Richarlison na Dimitri Payet.

Oleksy alikuwa kipa wa madaraja ya chini hadi mwaka 2010, alipogongwa na gari akiwa kazini kwenye ukarabati wa barabara, akapoteza mguu. Alikuwa na miaka 23. Video ya goli lake ilipozunguka kwenye simu zetu, maneno yaliyoandamana nayo yalikuwa ya aina moja: moyo wa simba, hakuna lisilowezekana, Mungu ni mkubwa. Sina ugomvi na moyo wa simba. Ila irudishe video nyuma uitazame polepole. Utaona mabega yanayobeba uzito wote wa mwili kwa nukta moja, viganja visivyoachia mpini, ncha za magongo zisizoteleza, na nyonga inayofunguka mpaka mwisho wake. Vitu hivyo vinne hujengwa, au huharibiwa, mapema kuliko watu wanavyodhani: mgonjwa akiwa bado kitandani na ndugu wanamletea uji.

Hapo ndipo sisi tunapowapoteza wachezaji. Hadithi yenyewe inajulikana mtaani. Kijana wa miaka 18, winga wa timu ya ndondo, anapanda bodaboda, mfupa wa muundi unavunjika na kutoboa ngozi, udongo unaingia, saa zinapita kabla hajafika kwenye hospitali yenye uwezo wa kumsafisha kidonda ipasavyo. Baada ya wiki moja au mbili za kupambana na usaha, daktari anakata chini ya goti. Kuanzia siku hiyo kila mtu anamzungumzia kwa wakati uliopita: alikuwa anajua mpira.

Tuanze na mto. Ndugu akimwona mgonjwa anaumwa, huweka mto chini ya goti la kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, na mgonjwa anasikia nafuu kweli, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja inalegea. Siku kumi na nne za nafuu hiyo zinatosha kuleta balaa. Misuli na mishipa ya nyuma ya goti hujifunga katika urefu mfupi, goti likagoma kunyooka, na fundi wa viungo bandia atakapompokea miezi miwili baadaye atakuta kigutu kilichokunjwa kama kisu cha kukunja. Mguu wa bandia juu ya goti la namna hiyo hukanyaga kwa vidole tu, mgongo unapinda kufidia, na kila hatua inakuwa deni la kiuno. Kwa aliyekatwa juu ya goti, mto wa hatari ni ule unaowekwa katikati ya mapaja: paja hujifunga likiwa limetanuka nje. Wote wawili wanaonewa na kiti vilevile. Anayeshinda ameketi hufunga nyonga mbele, na nyonga iliyofungwa haipigi tikitaka, wala haipigi hata pasi ya mita ishirini.

Dawa yake haina gharama. Goti lilale limenyooka juu ya godoro, bila kitu chini yake. Mara mbili au tatu kwa siku mgonjwa alale kifudifudi dakika 20 hadi 30, uso umegeukia upande wa mguu mzima, ili nyonga inyooke yenyewe kwa uzito wa mwili. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ubao uwekwe chini ya kigutu ili goti lisining'inie. Na kila saa akiwa macho, akaze misuli ya mbele ya paja kwa hesabu ya tano, mara kumi. Zoezi hilo la mwisho linadharauliwa kwa sababu halionekani. Mtu amelala tu, mnadhani hafanyi kitu.

La pili ni bendeji. Kigutu kipya huvimba, na kisipobanwa hupata umbo la balbu ya taa: chembamba juu, kinene chini. Umbo hilo haliingii kwenye soketi yoyote, kile kikombe cha mguu wa bandia kinachopokea kigutu. Daktari akisharuhusu, hufungwa bendeji ya kuvutika, upana wa sentimita 10 kwa aliyekatwa chini ya goti na 15 kwa aliyekatwa juu yake, na hufungwa kwa mishazari, mkunjo ukipita mkunjo mwingine kama namba nane. Ibane zaidi mwishoni mwa kigutu na kulegea kadiri inavyopanda. Kosa linalofanyika kila siku ni kuizungusha mviringo kama mtu anayefunga bomba linalovuja. Hapo juu panakazwa, damu inashindwa kurudi, na ncha inazidi kuvimba na kubadilika rangi. Ifunguliwe na kufungwa upya kila baada ya saa nne hivi, au wakati wowote inapoteleza. Kigutu kikianza kupwita na kufa ganzi, bendeji imekazwa vibaya. Nyuzi hutolewa kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 3, lakini bendeji, au soksi maalumu ya kubana, huendelea kwa miezi.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hulificha: mguu usiokuwepo unauma. Vidole vilivyozikwa vinawasha, kisigino kinaungua usiku. Kijana anadhani amerogwa au anaanza kuchanganyikiwa, na kwao wapo watakaomthibitishia hilo. Ubongo bado unashika ramani ya mguu wote, na neva zilizokatwa zinaendelea kupeleka taarifa. Kupapasa na kugonga kigutu kwa vidole, bendeji inayobana vizuri, na zoezi la kioo husaidia wengi: kioo kirefu kinasimamishwa katikati ya miguu, mtu anatazama taswira ya mguu mzima na kuusogeza taratibu kwa dakika 15, macho yakiuambia ubongo kwamba mguu wa pili unasogea bila maumivu. Ikishindikana, zipo dawa za maumivu ya neva, na daktari aulizwe. Mchezaji asiyelala usiku hatafanya mazoezi asubuhi, hiyo haihitaji utafiti.

Sasa magongo, maana hapa ndipo makocha wengi wanapoanza kukosea.

Gongo la mbao la kwapani limetengenezwa kwa ajili ya kuvuka chumba hadi chooni. Likitumika vibaya, mtu analilalia kwa kwapa, na ndani ya kwapa ndimo inamopita neva inayonyanyua kiganja. Wiki chache za kulilalia zinatosha kumfanya mtu ashindwe kuinua kifundo cha mkono, na safari hii hana mguu wala mkono. Kama ndilo lililopo, lipimwe hivi: mtu amesimama, kati ya kwapa na kichwa cha gongo vipite vidole viwili au vitatu, mpini uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono unaoning'inia, na uzito wote uende viganjani.

Mpira wa miguu huchezewa magongo ya mkono, yale mepesi ya alumini yenye pete inayoshika chini ya kiwiko. Mpini hupimwa vilevile kwenye mkunjo wa kifundo, kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Kiwiko kikinyooka kabisa, mtu hana tena nguvu ya kujisukuma. Kikikunjika sana, misuli ya nyuma ya mkono inachoka kabla ya dakika ya kumi. Pete ikae vidole viwili chini ya kiwiko. Ikikaa juu zaidi, kiwiko kinajigonga kila anapogeuka.

Tazama sasa ncha. Kile kipira cha chini ndicho kiatu cha mchezaji huyu, na anavyo viwili, na huchakaa upande mmoja kwa sababu gongo hukita kwa mshazari. Ndani yake bomba la alumini lina ukingo mkali, na kila kishindo linakula mpira kutoka ndani, hadi siku moja chuma kinatokeza na kuteleza kwenye saruji kama kucha ya ng'ombe. Washa moja ya chuma, yaani kile kipete bapa kinachowekwa chini ya nati, yenye upana wa bomba, ikidumbukizwa ndani ya kipira kabla ya kukivisha, inazuia hilo kwa muda mrefu. Wanaotengeneza vipira vyao kwa tairi kuukuu wajue kwamba raba ngumu ya tairi hushika vizuri kwenye udongo mkavu na kusaliti kwenye nyasi zenye umande. Kasoro ya pili ya magongo ya alumini iko kwenye matundu ya kurekebishia urefu. Kila anapotua, kitufe kinasukuma ukingo wa tundu. Tundu linakuwa yai, gongo linaanza kulia, kisha bomba linapasuka palepale, na kwa kawaida ni wakati mchezaji yuko kasi. Gongo linalolia si la kuingia nalo kwenye mechi.

Swali la kwanza ambalo kocha anapaswa kumuuliza kijana huyu halihusu hisia zake. Ni hili: umepoteza mguu wa kupigia au wa kusimamia? Wengi hawaulizi. Mtu wa kulia aliyekatwa kushoto anabaki na mguu wenye adabu yake yote: anajua kutuliza, anajua kukata, anajua kuchonga. Kinachomsumbua ni kwamba mguu huo haukuwahi kuzoea kuwa wa kusimamia na kutua, na kifundo chake kitateguka kama hakikuandaliwa. Mtu wa kulia aliyekatwa kulia ana shida ya kinyume: amebaki na nguzo imara isiyojua kuandika. Huyu anaanza shule ya msingi. Mpira ukutani, mita tatu, kwa upande wa ndani wa mguu, mara mia kwa siku, akiwa amesimama na magongo. Halafu mita tano. Halafu mpira unaodunda. Kumweka kwenye mechi mwezi wa kwanza, akapigwa chenga na watu wakamcheka, ni kumfukuza kwa adabu.

Kwa wote wawili kuna jambo jipya la kujifunza, na ni gumu kuliko linavyoonekana. Anayepiga mpira kwa miguu miwili husimama kwa mmoja. Huyu husimama kwa magongo. Mguu wake ukienda nyuma kuvuta nguvu, mwili wote unaning'inia kwenye viganja viwili na mabega mawili. Magongo yakikitwa karibu mno na mpira, mguu hauna nafasi ya kupita. Yakikitwa mbali mno, mwili unaanguka nyuma na shuti linapaa. Wanaoanza hukita gongo moja mbele ya lingine, bega moja likabeba zaidi, na mpira unakwenda pembeni kila mara. Wafundishwe kukita pamoja, mpira ukiwa katikati na mbele kidogo, tumbo limekazwa, macho chini. Mbio nazo ni hivyohivyo: magongo mawili pamoja mbele, mguu unapita katikati na kutua mbele yake, tena magongo. Anayetua kwa kisigino kila hatua atalalamika goti ndani ya mwezi.

Kukatwa kunabadilisha mizani pia. Mguu mzima ni kama asilimia 16 ya uzito wa mwili, na kutoka goti kushuka ni kama asilimia 6. Kiasi hicho kikiondoka upande mmoja, kitovu cha uzito kinahama, na ubongo unachukua wiki nyingi kukubali. Ndiyo maana mchezaji mpya huanguka upande uleule kila mara. Basi afundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kukimbia: aachie magongo yaende nje, akunje viwiko, atue kwa viganja na ubavu, kigutu akinyanyue. Anayeng'ang'ania magongo huvunja kifundo cha mkono, na anayetua kwa kigutu kabla mshono haujakomaa hurudi chumba cha upasuaji.

Nguvu zijengwe wapi? Makocha wetu wanapenda push-up kwa sababu ni za kuhesabika na zinapendeza kwenye picha. Lakini magongo yenyewe tayari ni push-up mchana kutwa. Bega linalosukuma tu bila kuvuta linasogea mbele, kano zinazopita chini ya mfupa wa bega zinasagwa, na mchezaji anaanza kushindwa kuinua mkono juu ya kichwa. Kwa hiyo kila seti ya kusukuma ilipwe na seti mbili za kuvuta. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa na kufungwa kwenye nguzo inatosha: kuvuta kuelekea tumboni, viwiko vikienda nyuma, mara 12 kwa seti tatu, kisha kiwiko kikibanwa ubavuni, kuzungusha kiganja kwenda nje dhidi ya tyubu, polepole, mara 15. Kuongezea hapo: kujiinua kwenye kiti kwa mikono, ubao wa tumbo sekunde 30, na kuketi na kuinuka kwenye stuli kwa mguu mmoja bila kushika. Kuruka kuje mwisho na kuhesabiwe. Kutua mara 20 au 30 kwa siku ya mazoezi kunatosha mwanzoni, kwa maana kifundo kimoja kinafanya kazi ya viwili na hakina likizo.

Hapa kuna mabishano ambayo nadhani yamewapotezea vijana muda mwingi. Familia nyingi husema: kwanza apate mguu wa bandia, mambo ya mpira baadaye. Baadhi ya makocha wa soka la magongo husema kinyume: mguu wa bandia hauruhusiwi uwanjani, basi usijisumbue nao. Naona wote wamekosea. Ni kweli kwamba katika soka hili wachezaji wa ndani, yaani wote isipokuwa kipa, hucheza bila mguu wa bandia, kwa hiyo hakuna sababu ya kusubiri. Kigutu kikipona na daktari akiridhia, kijana anaweza kugusa mpira miezi kabla ya kupimwa mguu. Lakini mchezaji anayetembea kwa magongo Jumatatu hadi Jumamosi, akabeba ndoo, akapanda daladala, kisha Jumapili akacheza dakika 50, mabega yake yanafanya kazi siku saba. Mguu wa bandia ndio unaoyapa mabega mapumziko. Yeye atembee nao wiki nzima, auvue kwenye benchi, achukue magongo. Mguu wa bandia unalipia soka lake.

Mguu huo una masharti yake. Kigutu huendelea kusinyaa mwaka wote wa kwanza, na soketi iliyobana mwezi wa kwanza itapwaya mwezi wa nne. Dalili si fumbo: mtu anasikia kama mguu umekuwa mfupi, ukingo wa chini wa goti unauma, ncha ya kigutu inagonga chini na kuwa nyekundu. Huongezwa soksi, moja au mbili, hata katikati ya siku. Soksi zikizidi sana, soketi mpya. Wekundu unaofifia dakika kumi baada ya kuvua hauna neno. Unaobaki, au lengelenge, ni amri ya kupumzisha mguu siku hiyo. Kigutu kioshwe jioni, kwani kikioshwa asubuhi ngozi hubaki na unyevu na kung'ang'ania soketi. Kwa walio chini ya umri wa kukoma kukua kuna jambo la ziada: mfupa uliokatwa katikati unaweza kuendelea kuota na kuchongoka ndani ya nyama, ukahitaji kupunguzwa tena. Kijana wa miaka 13 anayeanza kulalamika ncha inachoma asiambiwe anadeka. Na soketi yake, kwa kuwa anakua, itahitaji kubadilishwa takriban kila mwaka. Mafundi wa kuifanya kazi hiyo tunao. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi kinawafundisha tangu 1981, na kimefundisha wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Kinachokosekana aghalabu ni nauli ya kurudi kwa fundi mara ya pili na ya tatu, na hiyo mara ya pili na ya tatu ndiyo inayoamua kama mguu utavaliwa au utatundikwa ukutani.

Vipi kuhusu upanga wa mbio, ile kaboni iliyopinda tunayoiona kwenye Paralimpiki? Ni kifaa kizuri kwa anayekitaka, lakini si kiatu cha kununua na kuvaa. Hakina kisigino, kwa hiyo hakisimamiki kwa utulivu. Ugumu wake huchaguliwa kwa uzito wa mtu na kazi anayoifanya: kikiwa laini kinazama chini yake, kikiwa kigumu kinarudisha kishindo gotini. Huwekwa kirefu sentimita chache kuliko mguu mzima kwa sababu kitajikunja kikikanyagwa. Anayepewa upanga wa mtu mwingine kama sadaka, bila fundi wa kuupanga, amepewa jeraha. Na goti lililojifunga kwa sababu ya ule mto wa wodini halivai upanga kabisa.

Hata hivyo nakiri hoja yenye uzito dhidi yangu: soka la magongo halimo kwenye Paralimpiki. Kijana mwenye kasi ya kweli na ndoto ya medali atazamwe mapema. Kwenye riadha, waliokatwa mguu mmoja chini ya goti na kukimbia na kiungo bandia wako daraja la T64, juu ya goti T63. Kikapu cha viti vya magurudumu kipo, ila kiti cha mchezo na kile cha hospitali ni ndugu wa mbali sana. Kwa gharama ndogo, voliboli ya kuketi inatuhusu zaidi: uwanja wa mita 10 kwa 6, wavu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, sharti kubwa ni makalio kugusa sakafu wakati wa kucheza mpira. Rwanda wameonyesha inavyofanyika. Wanawake wao walicheza Rio 2016 na wameendelea kufuzu tangu hapo.

Lakini aliyekulia kwenye ndondo anataka mpira, na ombi lake lina mahali pa kwenda. Mchezo huu ulianzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa Don Bennett aliyekuwa amepoteza mguu. Saba kwa saba, uwanja wa kama mita 60 kwa 40, vipindi viwili vya dakika 25. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja, kipa ana mkono mmoja na haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake. Hakuna kuotea, na kubadilisha wachezaji hakuna ukomo. Kuugusa mpira kwa makusudi kwa gongo au kwa kigutu kunahesabiwa kama kuunawa. Kuteleza chini kumchukulia mtu mpira ni marufuku.

Makocha wanaotoka soka la kawaida hujikwaa kwenye hilo la kutokuwepo kwa kuotea. Wanapandisha mstari wa mabeki kama walivyozoea, kisha mshambuliaji mmoja anabaki nyuma yao anakula. Hujikwaa pia kwenye mabadiliko: wanashikilia kikosi cha kwanza dakika 20, viganja vimechubuka, vipigo vya mwisho havina nguvu, wakati sheria inawaruhusu kuzungusha watu kila dakika nne au tano. Na mazoezi ya saa nane mchana wayaache. Mwili wa kwenye magongo unafanya kazi kubwa kwa kila mita, na ngozi ya kutolea jasho imepungua.

Tanzania si wageni hapa. Mwishoni mwa 2021 mashindano ya Afrika yalichezwa Dar es Salaam, Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya mchezo huu, wakafuzu Kombe la Dunia, na Oktoba 2022 jijini Istanbul wakafika robo fainali. Wenyeji Uturuki walibeba kombe kwa kuifunga Angola 4-1, Angola iliyokuwa bingwa wa 2018 kwa kuwashinda Waturuki haohao kwa penalti. Uturuki ina ligi yake kuu ya mchezo huu, na mwaka 2017 uwanja wa Beşiktaş ulijaa watu karibu 40,000 kuiona ikiifunga England 2-1 kwenye fainali ya Ulaya. Kwetu fedha huonekana zaidi timu ya taifa inapotaka tiketi za ndege. Nikiambiwa nichague, bajeti ya safari moja ningeigawa mikoani: jozi sita za magongo ya mkono kwa kila mkoa unaoanza, vipira vya ncha vya akiba vinne kwa kila mchezaji kwa msimu, washa, na nauli ya mtaalamu wa fiziotherapia kuzungukia wodi za mifupa mara moja kwa wiki akiwa na kitabu cha majina. Kitabu hicho kiwe na safu tatu: mgonjwa alikuwa anacheza nini, kimekatwa kipi, na simu ya kocha wa karibu.

Safu ya kwanza ijazwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Ikishindikana yote, mtu apite kitandani siku ya tatu, aangalie chini ya shuka, na auondoe mto.